Bi Mkubwa, ile mashine ya shingo nimeikimbia

Bi Mkubwa asalaam aleikum, shikamoo. Mimi ni mama wa watoto watatu, miaka 46, kazi yangu fundi cherehani hapa Majengo, nashona mabuibui na madera na unifomu za shule msimu ukifika. Naandika kwa kidole cha mkono wa kushoto kwahivyo ukiona makosa nisamehe, huu wa kulia ndio wenye kisa.

Yalianza kama miezi mitatu nyuma, shingo ilikuwa inauma ile ya kawaida yetu sisi mafundi, n'kawa napaka mafuta ya kuchoma nalala, asubuhi naendelea na kazi. Alafu maumivu yakashuka, yakatoka shingoni yakaja begani yakapita huku upande wa nje wa mkono mpaka kidole gumba na hiki cha shahada, na hivi vidole viwili saa hizi vina ganzi, yaani nashika sindano siisikii, nishajidunga mara kadhaa mpaka nione damu kwa kitambaa ndio najua. Nikiinua uso juu, kwa mfano nikianika nguo, inapiga shoti kama ya stima kutoka shingoni mpaka kidoleni. Na mwezi huu mkasi umenianguka mara mbili, mara ya pili nusra unitoboe mguu.

N'kaenda kwa daktari, akanigongagonga na kile kinyundo kidogo kwa kiwiko, akanambia nimkamate vidole nivute, akanituma eksirei. Eksirei ikaonyesha nafasi kati ya pingili ya tano na ya sita imebana. Akasema hii haitoshi, niende MRI ya shingo. Pesa tulichanga, nyingine nilipewa kwa chama ilikuwa zamu yangu, siku ikafika n'kaenda peke yangu.

Nikapewa fomu ina maswali mengi, una chuma hiki, una chuma kile, nikaweka hapana hapana hapana nimalize. Nikavuliwa pini zote za mtandio, kipini, bangili, nikalazwa, nikatiwa vizibo masikioni, alafu wakanifunika usoni na kitu kama tenga la kuku. Kitanda kikaanza kuingia ndani. Bi Mkubwa wallahi nilihisi kama nimetiwa mwanandani nami niko hai. N'kaanza kusoma Ayatul Kursi kwa sauti, na ile mashine nayo ikaanza, ko ko ko ko, kama watu wanavunja ukuta. Sikumaliza dakika tatu, nikaminya kile kipira walichonipa nikaanza kupiga mateke. Kijana wa pale akanitoa akanambia mama unatupotezea wakati, watu wako foleni. Nikavaa buibui langu nikaondoka nalia.

Mume wangu nimemwambia mashine imeharibika wataniita. Ni wiki ya pili sasa.

Wifi yangu anasema bora nilitoka, ati ile mashine inaunguza uboho wa mifupa na ukipigwa mara mbili huna maisha. Jirani naye ananiambia kuna mzee Kongowea ananyoosha shingo, anakushika kidevu na kisogo, mara moja tu kwaa! unainuka mzima, nimepangiwa Jumamosi. Nataka kujua, ni lazima nirudi kule? Siwezi kurudia eksirei tu? Na wakiona diski imetoka si ndio nitapasuliwa shingo, na mimi nina oda za Idi?

Nilisahau jambo, sijui kama lina maana. Kabla sijamzaa huyu wa mwisho sindano ya cherehani ilinivunjikia ndani ya kidole cha kati, mkono wa kushoto. Kipande tulitoa lakini sina hakika kama kilitoka chote. Kwenye fomu sikuandika.

Mama Fundi, Majengo

*

Wa aleikum salaam mwanangu, marahaba. Barua yako nimeisoma vizuri naenda nayo taratibu, nikafika pale chini kwa sindano nikaweka kikombe cha chai chini. Sijui kama lina maana, unasema! Mwanangu, katika yote uliyoyaandika, mwanandani na uboho na kisu cha daktari, umeogopa vitu ambavyo havikuwa na haja ya kuogopwa, na vile viwili vya kuogopa kweli umevitaja kama mtu anayetaja bei ya nyanya. Kimoja ni hiyo sindano. Cha pili ni huyo mzee wako wa Jumamosi, ntamfikia.

Mimi si daktari, nilikuwa upande wa picha, miaka mingi nimelaza watu kwa vitanda hivyo, kwahivyo nakwambia nilichokishika kwa mikono yangu.

MRI ni sumaku. Sio mionzi, ni sumaku na mawimbi ya redio, yale yale ya ukoo wa redio yako hapo kibandani. Mwili umejaa maji, na ile sumaku inazipanga chembe ndogo ndogo za haidrojeni zilizo kwenye maji hayo, wimbi la redio linazigonga zinayumba, zikirudi mahali pake zinatoa ishara na kompyuta inachora picha kwa ishara hizo. Hakuna kinachoungua uboho. Mwambie wifi kwamba eksirei uliyopigwa mwanzo ndiyo ina mionzi, kidogo tu, na CT, ile mashine ya eksirei inayozunguka mwili, inayo zaidi, MRI haina hata chembe. Ile inayotisha ni nguvu ya sumaku yenyewe, kipimo chake ni Tesla, mashine nyingi ni Tesla 1.5 na nyingine 3, na hiyo ya 1.5 ni karibu mara 30,000 ya sumaku ya dunia inayogeuza dira ya nahodha. Tena haizimwi. Watu hudhani mashine ikinyamaza imezimwa, la, hizi kubwa zinakaa ndani ya heliamu ya maji yenye baridi ya nyuzi 269 chini ya sifuri na sumaku iko kazini usiku na mchana, hata stima ikipotea Mombasa nzima yenyewe iko. Mwaka 2001 huko New York mtungi wa oksijeni wa chuma uliingizwa chumbani mtoto wa miaka 6 akiwa kitandani, ukaruka ukampiga, akafa. Ndio maana ya ile fomu. Sio karatasi ya serikali ya kujaza upite.

Sasa kipande cha sindano ni chuma, na chuma kinavutwa, kinaweza kujisogeza au kupata moto. Kidoleni sio janga kama jichoni, wale vijana wa welding na grainda ndio tunaowahofia sana kwa sababu chembe ikikaa ndani ya jicho ikavutwa mtu anaweza kupofuka, wao hupigwa eksirei ya macho kwanza. Wewe unahitaji eksirei ya mkono wa kushoto, ni kitu cha dakika mbili. Kama hakuna kitu umepona wasiwasi, kama kipo wale wa MRI wataangalia ni kikubwa kiasi gani na kiko wapi alafu wataamua wao, na mara nyingi kikiwa kidogo na kimeshikwa na nyama miaka mingi wanaendelea tu wakikwambia ukisikia joto au kuvutwa uminye kipira. Lakini waamue wakijua. Na kama una koili ya uzazi wa mpango, au uliwahi kuwekewa kitu chochote moyoni au sikioni au kichwani, au unahisi una mimba, sema pia. Hirizi vilevile, ile ya kufungwa kiunoni iliyo na kibati, wamama wengi wanaificha kwa haya mpaka inavutwa na mashine mbele ya watu.

Umeuliza kama eksirei haitoshi. Haitoshi, na daktari wako hakubahatisha, mtu aliyekupiga kinyundo akakwambia uvute vidole alishajua anatafuta nini. Shingo ina pingili saba. Kati ya pingili na pingili kuna diski, na ubavuni ndipo mishipa ya fahamu inapotokea kwenda mkononi. Ule unaotoka kati ya pingili ya tano na ya sita ndio unaoshuka upande wa nje wa mkono mpaka gumba na kidole cha shahada, yaani hivyo hivyo ulivyonichorea wewe bila kusoma kitabu. Ungeniambia ganzi iko kidole cha kati ningetazama chini yake, kidole kidogo chini zaidi. Eksirei inaona mfupa, inaona nafasi imebana, lakini diski yenyewe haiioni, mshipa haiuoni, na uti wenyewe wa fahamu unaopita katikati ya pingili haiuoni. MRI inaona vyote vitatu.

Na diski ni kama dafu. Ukiwa kijana limejaa maji, miaka ikienda maji yanapungua linakuwa nazi, na kwenye picha ya MRI diski yenye maji inang'aa na iliyokauka inakuwa nyeusi. Ikikauka inabonyea, ukuta wake unavimba kwa nje au unachanika kitu cha ndani kikachomoza, kikimgusa mshipa ndio hiyo shoti yako. Kuinua uso juu kunazidisha kwa sababu ile tundu ya mshipa inajibana zaidi.

Lakini ngoja, nyinyi mafundi cherehani mna ugonjwa mwingine unaofanana, mshipa kubanwa hapa kwenye kifundo cha mkono, nao unaleta ganzi ya gumba na shahada na cha kati, sana usiku, mtu anaamka anapunga mkono kama anayefukuza nzi ndio anapata nafuu. Kwako shingo ndiyo inaongea zaidi, lakini mwambie daktari akupime kifundo pia, mtu anaweza kuwa na vyote viwili na shingo ikalaumiwa peke yake.

Kilichonifanya niseme usikae ni ule mkasi. Maumivu peke yake mara nyingi yanasubiriwa wiki sita kwa dawa na mazoezi, wengi wao yanaisha bila picha yoyote. Wewe ni miezi mitatu na mkono umeanza kupoteza nguvu. Hapo picha sio anasa.

Haya, sasa mwanandani. Mwanangu wala usione aibu, nimewaona mabaharia wa miraba minne wakitoka pale wanatetemeka, na yule kijana aliyekwambia unapoteza wakati alikosa adabu, kazi yake ilikuwa kukushika mkono na kukueleza. Kichwa lazima kiingie kwa sababu shingo ndiyo inatakiwa ikae katikati ya sumaku, huwezi kusema niingizwe miguu tu. Ule mdomo una upana wa sentimita 60, mashine mpya nyingine 70, na upande wa pili uko wazi, sio shimo, hewa inapita na mara nyingi kuna feni. Lile tenga la kuku ndilo linalosikiliza ishara ya shingo, na mengi yana kioo kidogo ukitazama unaona nje kwenye miguu yako, omba waliweke vizuri. Makelele ni koili za ndani zinazotikisika umeme ukipita mbio mbio, si kitu kinachovunjika, yanapita desibeli 100 ndio maana ya vizibo.

Siku ya kurudi waombe kitambaa cha kufunika macho, na ufunikwe ukiwa bado nje kabla kitanda hakijasogea, na usifungue mpaka mwisho, jicho lisilouona ule ukuta haliuogopi sana. Mwambie fundi wa mashine akuambie kwa spika kila picha ni dakika ngapi, hii nne, hii tatu, mtu akijua mwisho uko wapi anavumilia, yote ni kama nusu saa, pengine pungufu. Uliza kama dada yako au mumeo anaweza kukaa chumbani akushike mguu, vituo vingine wanakubali mradi naye akaguliwe chuma. Na kama bado moyo unakimbia daktari anaweza kukuandikia kidonge cha kutuliza unywe kabla, ila hapo usiende peke yako na usirudi kukaa kwa cherehani siku hiyo, ukishona utashona kidole.

Na Ayatul Kursi soma, nani atakukataza, lakini soma moyoni. Taya likitikisika shingo nayo inatikisika, na kumeza mate kila saa pia, picha inatoka na ukungu na utaambiwa urudie. Pumua polepole, meza mate pale makelele yanaponyamaza.

Dawa ya kuchomwa mshipani, ile ya kufanya picha ionyeshe zaidi, kwa diski tupu kawaida haihitajiki, hiyo ni wakishuku uambukizi au uvimbe au kama uliwahi kupasuliwa. Wakitaka kukuchoma waulize sababu, na waambie kama figo zina shida.

Alafu sasa riporti. Hapa nakuomba utulie kuliko pale ndani ya mashine. Utapewa karatasi imejaa maneno, diski hii imevimba, ile imekauka, shingo imenyooka haina mpindo wake, na utataka kuandika wasia. Huko Japani waliwapiga MRI ya shingo watu 1,211 ambao hawana lolote, hawaumwi shingo hawana ganzi, majibu yalitoka mwaka 2015, asilimia 87.6 walikutwa na diski zilizovimba. Hata wa miaka ya ishirini wengi wao wanazo. Kwahivyo kuvimba kwa diski peke yake sio hukumu, linalotazamwa ni kama picha inalingana na kidole chako, kama uvimbe uko upande wa kulia, kati ya tano na sita, na umegusa mshipa. Kusipolingana daktari anatafuta kwengine. Na kukilingana bado sio kisu moja kwa moja, wengi wanapona kwa dawa na fiziotherapi na muda, ile sehemu iliyochomoza mara nyingi inanywea yenyewe. Kisu kinaongelewa nguvu zikizidi kupotea au uti wenyewe ukibanwa. Usiisome ile karatasi na jirani, isome na daktari aliyekupiga kinyundo, na CD ya picha uidai ukae nayo, siku ukienda hospitali ya Makadara au kwengine usianze upya.

Ndio sasa namfikia mzee wako. Ndani ya pingili za shingo, kwenye vitundu vya ubavuni, kunapita mishipa miwili ya damu inayopanda kwenye ubongo. Kidevu kikizungushwa ghafla ule mshipa unaweza kuchanika ndani, na mtu akapata kiharusi, ni nadra, lakini nadra ikikupata wewe haikuulizi. Na hiyo ni kwa shingo isiyo na shida. Wewe shingo yako hatujui diski imekaa wapi, kama imeegemea uti yule mzee akifanya kwaa yake anaweza kukutoa pale umebebwa. Kukandwa mabega kwa mafuta na mkono laini sina ugomvi, hijama nayo ukipenda umikwa kwa mtu msafi mwenye vifaa vipya, haitarudisha diski lakini haitakuvunja. Kuzungushwa shingo, hapana.

Na usisubiri tarehe yoyote ya MRI, nenda hospitali siku hiyo hiyo, kama miguu inaanza kuwa mizito au unapepesuka ukitembea, kama mikono yote miwili inashindwa hata kifungo, kama mkojo au choo kinatoka bila wewe kujua au kimegoma, au homa na kukonda na jasho la usiku vikija pamoja na maumivu, maana kifua kikuu nacho hukaa kwenye pingili na huku kwetu kipo.

Pesa yako ilikwenda wapi hukusema. Piga simu pale uulize malipo yako yamekaa au la, skani iliyokatizwa dakika ya tatu watu wana la kusema. Na kama umejisajili SHA, bima ya afya ya serikali iliyochukua nafasi ya NHIF Oktoba 2024, uliza kabla hujalipa upya kama kituo kinaikubali na daktari ajaze fomu gani, usiulize ukiwa tayari umeshatoa.

Oda za Idi punguza, najua ni rahisi mimi kusema. Meza ya cherehani iinue, weka matofali, kazi ikujie juu usiifuate wewe chini, na kila nusu saa inuka utembee hata mpaka mlangoni. Kukata wachia msichana, mkasi usiushike wewe kwa sasa.

Mumeo mwambie ukweli leo, ukimpa ile habari ya kitambaa na kushikwa mguu utaona yeye mwenyewe atataka kuja. Kesho eksirei ya mkono wa kushoto, alafu upange tarehe, na ukienda vaa mtandio wa kufunga kwa fundo usio na pini hata moja. Na huyo mzee wa Kongowea mpigie sasa hivi, usingoje Ijumaa, mwambie Jumamosi huji.